Dhahabu ya kweli, jina la uongo

Wengi siku hizi huuza pete, mikufu na bangili za fahari kwa simu. Mnunuzi anapouliza kama kitu ni halisi, muuzaji hukasirika. Mwandishi wetu naye alikasirika, na akaja kujuta.

SWALI lenyewe lilikuwa fupi, tena la adabu. "Dada, samahani kwa kukusumbua usiku. Hiyo pete ni halisi?"

Lilinifikia mwendo wa saa tatu usiku nikiwa nyumbani Makongeni, Thika, ninaosha vyombo vya chakula cha jioni. Aliyeuliza alikuwa kijana wa Ruiru ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeweka tangazo katika ukurasa mmoja wa mauzo wa Facebook: pete ya dhahabu ya Cartier, haijavaliwa, shilingi 180,000, anayeitaka apige simu.

Badala ya kumjibu, nilimfokea. Nilimwandikia kwamba kama hana pesa asinipotezee wakati, na kwamba watu wa heshima hawauzi vitu bandia. Nilipomaliza nikaiweka simu kando na kurudi kwa sufuria zangu, nikijiona shujaa. Kumbe nilikuwa nikijichimbia kisima.

Ninayasimulia haya, msomaji, kwa sababu biashara hii imeingia katika nyumba nyingi. Msichana aliye chuoni huuza mkufu alioachiwa na nyanya yake. Mama aliyerudi kutoka Dubai huuza bangili ili alipe kodi ya nyumba. Vijana nao hununua saa na pete kwa bei ya kutupa, wakaziuza tena kwa faida. Swali ambalo kijana wa Ruiru aliniuliza ndilo wote hawa huulizwa, na wengi hawajui hasa wameulizwa nini.

Mkebe wa majani chai

Pete haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi yangu, aliyefanya kazi za nyumbani mjini Riyadh, Saudi Arabia, kwa miaka 6. Mkataba wake ulipokwisha, mama mwenye nyumba alimpa pete hiyo kama zawadi ya kuagana. Shangazi alirudi nayo imefungwa katika kitambaa, akaitia ndani ya mkebe mtupu wa majani chai, na hakuivaa hata siku moja.

Mnamo Novemba 2025 binti yake alikuwa akidaiwa karo chuoni. Shangazi alikuja kwangu na ule mkebe. "Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe unayezijua hizi simu. Niuzie hii dhahabu, mtoto asije akafukuzwa."

Zingatia neno alilotumia. Alisema dhahabu. Hakutaja Cartier, wala hakujua kwamba kuna kitu duniani kiitwacho hivyo. Jina hilo nililitaja mimi. Nilipoipiga pete picha ya karibu, niliona maandishi madogo upande wa ndani: mahali pamoja "Cartier", mahali pengine "875". Kwa nje ilikuwa na michoro kama vichwa vya skurubu ikiizunguka. Nikaingia kwenye intaneti, nikaona pete za mchoro kama huo zikiuzwa kwa maelfu ya dola. Macho yakanitoka. Ile 875 sikujishughulisha nayo. Nilidhani ni namba tu ya fundi.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Dhahabu ya shangazi ikageuka pete ya Cartier kwa mkono wangu, na bei ikapanda papo hapo.

Kijana wa Ruiru hakunitukana. Alichofanya ni kuyaweka majibizano yetu katika ukurasa ule ule, akauliza kama kuna mwenye ujuzi wa pete hizo. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeitwa tapeli, mwizi na majina mengine ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha. Kibaya zaidi, nambari ya simu iliyokuwa kwenye tangazo ilikuwa ya shangazi, kwa kuwa pesa zilitakiwa ziingie katika M-Pesa yake.

Simu yake ililia tangu alfajiri. Kuna aliyemtumia ujumbe kwamba wanawake wanaorudi kutoka Uarabuni hurudi na mali waliyowaibia waajiri wao. Mwenzake katika chama cha akina mama akamwonyesha tangazo lile na kumuuliza kulikoni. Shangazi ni mtu aliyesafisha nyumba za watu miaka 6 bila kuokota hata kijiko. Alipofika kwangu hakupaza sauti. Aliniuliza tu: "Nilikupa dhahabu uniuzie. Hilo jina ninalotukaniwa umelitoa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Maswali mawili ndani ya moja

Mtu akiuliza kama pete ni halisi, kwa kweli anauliza maswali mawili. La kwanza linahusu kitu chenyewe: je, hii ni dhahabu, na ni dhahabu kiasi gani? La pili linahusu jina: je, kweli imetengenezwa na yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake? Kitu kinaweza kufaulu swali moja na kuanguka lingine.

Tuanze na la kwanza. Dhahabu tupu ni laini mno kwa pete ya kuvaliwa kila siku, kwa hiyo mafundi huichanganya na shaba, fedha au madini mengine. Kipimo cha mchanganyiko huo huitwa karati, na dhahabu tupu huhesabiwa kuwa karati 24. Karati 18 ina maana ya mafungu 18 ya dhahabu katika mafungu 24, yaani asilimia 75. Ndiyo sababu pete ya karati 18 hupigwa muhuri wa 750, sehemu 750 katika 1,000. Karati 9 hupigwa 375, karati 14 hupigwa 585, na karati 22 hupigwa 916. Namba 925 ni ya fedha, si ya dhahabu, japo wapo wanaowauzia wasiojua vito vya fedha vilivyopakwa rangi ya dhahabu huku muhuri huo ukionekana wazi.

Na 875? Hiyo ni karati 21, dhahabu inayopendwa sana Saudi Arabia na nchi jirani zake. Katika masoko ya huko mnunuzi hulipa uzito wa dhahabu kwa bei ya siku, kisha huongeza ujira wa fundi. Cartier, kwa upande wake, hutengeneza pete zake za dhahabu kwa karati 18. Kwa hiyo pete iliyoandikwa Cartier huku imepigwa muhuri wa 875 inajikana yenyewe. Jibu lilikuwa ndani ya pete tangu mwanzo, lakini nilisoma neno moja nikaacha namba iliyokuwa kando yake.

Safari ya kwa sonara

Nilimpigia kijana yule simu nikamwomba radhi. Nilitarajia matusi, lakini alinisikiliza. Alisema alikuwa anatafuta pete ya harusi, arusi ikiwa ni Desemba, na kwamba pesa zile alikuwa ameziweka kidogo kidogo. Asingeweza kuzitoa bila kuuliza. Shangazi akatoa shauri: twende sote watatu kwa sonara, pete ipimwe mbele ya macho yetu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda matatu Thika, naye akatusubiri kwenye steji ya Ruiru kando ya Barabara Kuu ya Thika. Alikaa karibu na shangazi. Walikaa kimya hadi tukapita Githurai, kisha shangazi akamuuliza mchumba wake ni wa wapi. Kufikia Ngara walikuwa wakizungumza kama watu waliojuana zamani. Mimi niliyekaa nyuma yao ndiye niliyekuwa sina la kusema.

Sonara, mzee mwenye duka dogo katikati ya jiji la Nairobi, hakuharakisha. Kwanza aliipima pete kwenye mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu: gramu 8. Kisha aliisugua kwenye jiwe jeusi hadi ikaacha mstari wa manjano. Kando ya mstari huo akasugua kipande kingine ambacho karati yake aliijua, akadondoshea tindikali juu ya mistari yote miwili. Shaba au madini mengine hafifu yangechemka na kufutika. Mstari wa pete ulibaki sawa na ule wa kipande chake.

Alituambia kwamba mtu anaweza kupaka dhahabu juu ya shaba, hivyo sonara mwangalifu hasugui juu tu. Hukwaruza kidogo mahali pasipoonekana ili afikie kiini. Akafanya hivyo, na jibu likawa lile lile.

Jaribio la mwisho lingewafurahisha wanafunzi. Aliweka kikombe cha maji juu ya mizani, akairudisha mizani kwenye sufuri, kisha akaining'iniza pete kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kikombe. Mizani ikaonyesha gramu 0.47. Hesabu ni rahisi: 8 ukigawanya kwa 0.47 unapata takriban 17. Huo ndio uzito wa karati 21 ikilinganishwa na maji. Karati 18 ya manjano huwa kama 15, na dhahabu tupu ni 19.3. Lau pete ingekuwa ya shaba nyeupe kwa manjano, ile wanayotengenezea vitasa na mabomba, jibu lingekuwa kama 8 na nusu.

Ujanja huu ni wa kale. Inasimuliwa kwamba zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mfalme Hiero wa Syracuse alimshuku fundi wake kwamba ameiba dhahabu ya taji na kutia fedha mahali pake. Archimedes aliombwa atambue ukweli bila kuliharibu taji, na maji ndiyo yaliyomsaidia. Tahadhari ni kwamba njia hii haifai kwa kitu chenye uwazi ndani au chenye mawe. Vilevile mizani ya jikoni haitoshi, maana haioni nusu ya gramu.

Wapo wanaotegemea sumaku. Sumaku ikivuta pete, hakika hiyo si dhahabu tupu. Lakini isipoivuta hujajua lolote, kwa sababu hata shaba haivutwi na sumaku.

"Mama," sonara alimwambia shangazi, "hii ni dhahabu safi ya karati 21. Aliyekupa hakukudanganya." Kisha akaigeuza pete chini ya lenzi yake ya kukuzia na kutuonyesha lile jina. Herufi hazikuwa na kina sawa, na hapakuwa na namba ya pekee ambayo kampuni kubwa huipa kila kipande chake. "Jina hili ndilo si lake."

Shangazi alipumua kwa nguvu. Kwake swali kubwa lilikuwa limejibiwa: hakupewa takataka baada ya miaka 6, wala yeye si mwongo. Kwa kijana, jibu la pili ndilo lililokuwa zito. Lau angenitumia shilingi 180,000 usiku ule, angekuwa amenunua jina lisilokuwepo.

Jina lina bei yake

Msomaji anaweza kuuliza: kama dhahabu ni ya kweli, jina lina kazi gani? Lina kazi kubwa kwenye bei.

Kampuni ya Cartier ilianzishwa Paris, Ufaransa, mwaka 1847 na Louis-François Cartier. Mwaka 1969, sonara mzaliwa wa Italia aitwaye Aldo Cipullo aliibunia kampuni hiyo mjini New York bangili inayofungwa mkononi kwa bisibisi, kama ishara ya mapenzi yasiyovuliwa ovyo. Pete zenye michoro ya skurubu zilifuata mtindo huo. Ni miongoni mwa vito vinavyoigwa sana duniani. Anayenunua kipande halisi hulipia dhahabu, ufundi, historia hiyo, na hakika kwamba siku akitaka kukiuza atapata mnunuzi.

Hata sisi Afrika Mashariki tumeiona nguvu ya jina. Kito cha kijani kilichogunduliwa Tanzania na mwanajiolojia Campbell Bridges mwaka 1967, na baadaye akakipata Taita hapa Kenya, kilipewa jina la tsavorite mwaka 1974, kutokana na Tsavo. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyokitangaza duniani, kama ilivyokuwa imekitangaza kito cha tanzanite cha Mererani mwaka 1968. Mawe yalikuwa ardhini siku zote. Jina na sifa ndizo zilizoyafungulia maduka ya ng'ambo.

Sasa fanya hesabu ya pete yetu. Gramu 8 za karati 21 zina gramu 7 za dhahabu tupu. Novemba 2025 bei ya dhahabu duniani ilikuwa ikizunguka dola 4,000 kwa aunsi moja, ambayo ni gramu 31.1. Dola ilikuwa takriban shilingi 129. Gramu 7 hizo zilikuwa na thamani ya kama shilingi 116,000. Mimi niliitisha 180,000. Tofauti ya shilingi 64,000 ndiyo niliyokuwa nikiuza kwa jina la uongo, tena bila kujua.

Hata wakubwa waliumwa kichwa

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Thika na Ruiru pekee. Mwaka 2004 kampuni ya Tiffany iliishtaki mahakamani New York kampuni ya eBay, inayoendesha soko kubwa la intaneti. Katika miaka ya 2004 na 2005 Tiffany ilikuwa imenunua kwenye soko hilo vito vya fedha vilivyouzwa kwa jina lake ili ivichunguze. Kwa hesabu zake, karibu robo tatu vilikuwa ghushi.

Hata hivyo, Tiffany ilishindwa kesi mwaka 2008, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo. Majaji walisema mwenye soko halazimiki kuwajibika kwa kujua tu kwamba huenda kuna bidhaa ghushi mahali fulani sokoni mwake. Ni lazima awe ameelezwa ni bidhaa ipi hasa, naye aiache iendelee kuuzwa. Tangu mwaka 2020 eBay yenyewe imekuwa ikiwatumia wataalamu kukagua kwanza saa za bei ghali, kisha mikoba na vito, kabla ya kumfikia mnunuzi.

Funzo kwetu ni kwamba ukurasa wa mauzo haumlindi mtu. Mwenye ukurasa hajaiona pete, na picha haina uzito wala haiwekwi kwenye jiwe la sonara. Kazi ya kuthibitisha inabaki kwa muuzaji na mnunuzi.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Ukiandika Cartier, kiwe Cartier. Ukiandika karati 18, kiwe karati 18.

Anayefanya biashara ya bidhaa ghushi anakabiliwa na jambo zito zaidi. Chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008, anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila kipande, au adhabu zote mbili. Na yeyote anayejua kwamba anadanganya ili apate pesa anaweza kushtakiwa kwa ulaghai chini ya Kanuni ya Adhabu na kufungwa hadi miaka 3.

Kuandika "ni kopi safi" au "inafanana kabisa na orijino" hakumwokoi mfanyabiashara. Kitu kinachobeba jina la mwenyewe bila ruhusa yake ni ghushi hata muuzaji akikiri.

Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia anaweza pia kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kisha ikasambazwa kwingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hutakiwa kuamua katika siku 60, na mtu anaweza kujitetea bila wakili. Weka ujumbe wote, tangazo na stakabadhi za malipo. Hizo ndizo ithibati zako.

Kabla ya kuuza, kabla ya kununua

Haya ndiyo niliyoyakusanya, kwa manufaa ya aliye na pete kabatini na aliye na pesa mfukoni.

Ukiwa muuzaji, peleka kitu kwa sonara kabla ya kukitangaza, wala si baada ya kushukiwa. Taja uzito, karati na muhuri uliomo. Kama huna stakabadhi ya duka kilikonunuliwa, usiandike jina la kampuni hata kama limechongwa juu yake. Eleza kilivyokufikia: ulinunua, ulirithi au ulipewa.

Jilinde nawe pia. Wapo wanunuzi wanaochukua kitu halisi, kisha wakarudisha cha bandia wakidai wamedanganywa. Piga picha za karibu za mihuri na mikwaruzo, na mpime uzito pamoja kabla ya kukabidhiana. Usiamini ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu. Angalia salio lako mwenyewe.

Ukiwa mnunuzi, uliza bila haya, na umtazame muuzaji anavyolipokea swali. Kutana naye mahali penye watu, ikiwezekana dukani kwa sonara mliyemchagua pamoja. Usitume arubuni kwa mtu usiyemjua. Kumbuka kwamba muhuri ni dai la aliyeupiga. Uingereza ilianza kusimamia mihuri ya dhahabu na fedha kwa sheria mwaka 1300, na tangu 1478 vyombo vilipelekwa katika ukumbi wa masonara wa London kupimwa kabla ya kupigwa muhuri. Muhuri usiokuwa na mpimaji nyuma yake unaweza kupigwa na yeyote mwenye nyundo.

Vito vyenye almasi vinahitaji mtaalamu wa mawe. Kile kifaa kidogo kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto hukitambua kioo, lakini hudanganywa na jiwe liitwalo moissanite. Tena siku hizi kuna almasi zinazokuzwa kwenye maabara. Hizo ni almasi kamili, ila bei yake iko chini ya zile za kuchimbwa, na muuzaji mwaminifu hutaja ni ipi.

Na bei ikiwa rahisi kupita kiasi, simama ufikirie. Rahisi huvunja upishi.

Pete ilivyoishia

Sonara alimwambia shangazi kwamba yeye angeinunua pete kama dhahabu ya kuyeyusha, shilingi 104,000 baada ya kutoa gharama zake na faida. Nilitaka kubishania bei. Shangazi akanitazama, nikanyamaza. Mzee aliikata pete vipande viwili mbele yetu, katikati ya lile jina, kisha akatuma pesa. Karo ililipwa Jumatatu.

Kijana wa Ruiru hakununua kitu siku hiyo. Alitushukuru, akashuka Ruiru jioni na akiba yake ikiwa kamili.

Mimi nilirudi kwenye ukurasa ule nikaandika masahihisho: pete haikuwa ya Cartier, mwenye pete hakuwahi kusema hivyo, kosa ni langu. Nikataja kwamba dhahabu ilipimwa ikapatikana ni ya kweli. Waliosoma masahihisho hayo walikuwa wachache mno kuliko wale waliosoma matusi. Wiki mbili baadaye shangazi alikuwa bado akipokea simu za kumsuta. Shilingi 64,000 nilizozitamani hazingelipia hata siku moja ya simu hizo.

Kabla ya Krismasi alinijia tena, safari hii na herini alizojinunulia mwenyewe Riyadh kwa mshahara wake. Alisimama nyuma yangu nikiandika tangazo, akanifanya nilisome kwa sauti mara mbili. Lilisema hivi: "Herini za dhahabu, karati 21, muhuri 875, gramu 4. Zimepimwa na sonara, na tuko tayari zipimwe tena mbele ya mnunuzi. Si za kampuni yoyote yenye jina. Ukiwa na swali, uliza."

Aliyezinunua ni kijana yule yule wa Ruiru, kwa ajili ya mchumba wake. Alizipeleka kwa sonara zikapimwa kwanza. Shangazi aliona hilo ni jambo la kawaida kabisa.